Beseni Lenye Mawimbi

Jumatatu, 10 Juni

Kifurushi kimefika kutoka Tabora. Nimekichukua mwenyewe stendi na kukibeba kichwani kwa njia ndefu ya sokoni, ili kionekane. Njia fupi ni dakika tano. Hii imechukua saa nzima. Watu kumi na wanne wameuliza ni nini. Wawili walikuwa wanauliza kitu kingine, lakini nimewajibu hilo hilo.

Ni sweta. Sufu halisi, rangi ya damu ya mzee. Limetoka kwa Lightness, binti yangu, mtoto wangu wa pekee, muuguzi wa serikali. Ndani kuna chupa ya asali ya huko kwao na karatasi: Baba, najua baridi ya Juni hapo Tukuyu. Vaa. Nakuja Jumamosi, Jumapili saa nane naondoka. Nataka nikukute stendi umelivaa.

Miaka miwili sijamwona. Mwaka jana alisema anakuja Pasaka. Nikapika mbalaga, ndizi na nyama, kwa ile sufuria kubwa ya marehemu mama yake. Likizo ikakataliwa. Nilikula mbalaga siku tatu, asubuhi na jioni, nikiisifu kwa sauti maana hakukuwa na mwingine wa kuisifu.

Safari hii sitaki kosa. Anapata usiku mmoja tu. Nataka akute nyumba ina mtu, si mabaki ya mtu. Aone vizuri, aone raha, asingoje miaka miwili mingine.

Nimempitia Lazaro, fundi cherehani pale sokoni. Ana watoto watatu, wote wanakaa hapa hapa mjini, wanamtembelea kila Jumapili na hotpoti. Hapitishi siku bila kuitaja hiyo hotpoti. Akaniuliza, Ackson, binti anakuja au anaahidi? Nikamwambia kuahidi ni kazi ya mafundi cherehani. Suruali yangu iko kwake tangu Februari. Ameinamia cherehani. Moja bila.

Jumanne, 11 Juni

Asali ilivuja njiani. Sweta limekunywa nusu chupa. Nimeamka nikakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye kola, kwa nidhamu ambayo sijapata kuiona kwenye mkutano wowote wa mtaa. Nimelamba mkono wa kushoto wa sweta. Asali nzuri sana. Lakini mtu hawezi kulamba sweta zima kabla ya Jumamosi. Lazima lifuliwe.

Mtu mwingine angelitumbukiza tu majini. Mimi si mtu mwingine. Nimekaa Dar es Salaam miaka sita, hoteli ya ghorofa tisa, idara ya mashuka. Nguo yoyote ya maana ina lebo, lebo ina alama, na alama ni lugha ya dunia nzima. Ukiijua unamfulia Mchina na Mjerumani bila mkalimani.

Prisca, jirani yangu wa hapa Bulyaga, amekuja kuona sisimizi. Ni mchuma chai, mjane kama mimi, ila yeye ujane haukumnyamazisha. Kaniambia, Baba Lightness, fua kwa maji baridi na sabuni ya mche kama Wakristo wenzako. Nikamwomba miwani yake badala ya ushauri wake. Tumesoma lebo dirishani. Yaani nimesoma mimi, yeye ameshika tochi ya simu.

Alama ziko sita. Naziandika hapa kwa faida ya vizazi.

Pembetatu imekatwa msalaba. Huo ni Mlima Rungwe, mtoto mdogo anauona. Sweta lisivaliwe kupanda mlima.

Duara ndani ya mraba, limekatwa msalaba. Ziwa Kisiba. Nani asiyejua lile ziwa lilivyo mviringo, na mashamba kandokando? Usifulie ziwani.

Duara peke yake, limekatwa. Ziwa jingine lolote.

Pasi yenye nukta moja. Kaa moja la moto ndani ya pasi, basi. Nukta mbili ingekuwa makaa mawili. Hii ilinifurahisha sana. Sikujua kwamba huko kiwandani nao wanatumia pasi ya mkaa.

Mraba wenye mstari katikati. Kichanja. Kile cha juu ya moto jikoni, tunachokaushia mahindi na kuni, na nguo pia, kwa kuwa mvua ya Tukuyu haina adabu. Kausha kwenye kichanja.

Na ya kwanza, kubwa kuliko zote: beseni lenye mawimbi, na mkono ndani yake. Hapo Prisca akadakia kwamba maana yake ni fua kwa mkono. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Sasa nani hapa Bulyaga anafua kwa mguu? Mzungu atapoteza uzi wake kuandika hilo? Mkono ule umesimama kama wa trafiki barabara ya Kyela. Maana yake ni simama, subiri. Usubiri nini? Mawimbi. Na maji ya beseni yanapata mawimbi lini? Yakichemka.

Prisca kachukua miwani yake akaondoka. Kasema kesho atakuja kuangalia.

Jumatano, 12 Juni

Nimechemsha.

Mawimbi yalikuja vizuri, makubwa. Nikasubiri kama lebo ilivyoagiza, nikatumbukiza, nikakoroga kwa mwiko wa ugali. Harufu ilikuwa ya mbuzi aliyenyeshewa. Baada ya nusu saa nimeopoa, nikaweka kichanjani, nikaongeza kuni.

Saa tisa nimeshusha.

Sipendi kuandika. Mikono ya sweta inaishia karibu na pale inapoanzia. Kifua kinatosha jogoo, tena jogoo wa makamo. Limekuwa gumu, unaweza kulisimamisha mezani. Limesimama mezani hivi sasa, linanitazama. Na linanuka moshi.

Prisca alikuja kama alivyoahidi. Akaliangalia, akazunguka meza, akaliangalia upande wa pili. Akauliza nilikuwa nafua au napika kande. Kisha akauliza Lightness ana habari kwamba baba yake amerudi utotoni. Nikamwambia sufu hurudi yenyewe ikipoa, jambo linalojulikana hotelini. Akasema hewala, basi wewe kaa uisubiri, usije ukapishana nayo.

Alipoondoka nimelijaribu. Kichwa kimepita. Mengine hayakupita. Kutoka tena kulichukua muda, na hakukuwa na mtu wa kunivuta. Nimekaa nalo kichwani kama robo saa nikifikiria maisha.

Alhamisi, 13 Juni

Akili imenijia alfajiri. Kilichonywea huvutwa. Nimelilowesha tena na kulivisha mgomba ulio mbele ya nyumba, ule mnene ambao marehemu mke wangu Esnath aliupanda mwaka ule alioanza kuugua. Nimelishusha kutoka juu kidogo kidogo. Chini nimefunga mawe mawili kwa kamba ya katani, kila mkono jiwe moja. Mgomba ukawa kama mheshimiwa anayesubiri kupokelewa.

Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito. Wapita njia watatu wameusalimia. Mmoja ni Lazaro. Nimemsikia kutoka ndani akisema Ugonile, akangoja, akasema tena. Akaenda zake akinung'unika kwamba mtu akitumiwa sweta kutoka Tabora hata salamu haitikii. Sijatoka kumsahihisha. Mbili bila.

Mchana mvua ndogo. Nimetoa kiti nikakaa chini ya upenu kuulinda mgomba. Nikajikuta nauambia habari. Kwamba mtoto anakuja keshokutwa. Kwamba ndizi nimeshaweka kuiva, na nyingine nimeziacha mbichi za mbalaga. Kwamba kitanda chake nimekitandika tangu Jumatatu na mimi ndiye niliyelala kwenye mkeka ili kisivurugike. Mgomba unasikiliza vizuri kuliko watu wengi wa hapa. Esnath alikuwa akiniambia naongea sana. Sasa nina nafasi yote na hadhira ni mmea.

Prisca alikuwa nyuma ya ua muda wote. Hakusema neno la kejeli. Aliniletea kikombe cha chai, akarudi kwake. Hilo limenitisha kuliko kejeli.

Ijumaa, 14 Juni

Mgomba umefanya kazi yake nusu. Sweta limerefuka. Halikunenepa. Sasa ni soksi ya mtu mmoja mrefu. Mikono inafika magotini kwa sababu ya mawe.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimelikunja chini ya koti, nikaenda kwa Lazaro. Nilijiandaa kwa hotpoti na maneno yote. Nikamwambia ni la rafiki yangu.

Akaligeuza, akalinusa, akasema rafiki yako amelichemsha. Halafu akauliza anafika saa ngapi. Nikasema saa sita. Akashika mkasi, akalipasua ubavuni kuanzia kwapa hadi chini, pande zote mbili, akatafuta sweta chakavu la shule, la bluu, akatia vipande. Alifanya kazi mpaka jioni, kazi za watu wengine zimekaa. Suruali yangu ya Februari ilikuwa juu ya rundo, akaimalizia pia.

Wakati anashona akaniambia kitu nisichokitegemea. Kwamba watoto wake wanakuja kweli kila Jumapili, ila wakishakula kila mtu anainamia simu yake, na yeye anabaki anaongea na kifuniko cha hotpoti. Nikamwambia mgomba ni bora, unatikisa majani. Tumecheka. Nimemfutia zile pointi mbili.

Halafu ameharibu. Alipomaliza akakata lebo na kuitupa chini. Kwa mazoea, anasema, lebo zote anazikata, zinawasha shingo. Nikamwambia lebo ni kitambulisho cha nguo, amelifanya sweta langu kuwa mhamiaji haramu. Nimeiokota, nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Ayubu. Mbili bila tena.

Jumamosi, 15 Juni

Saa nne nilikuwa stendi. Nimelivaa. Katikati damu ya mzee, ubavuni bluu ya darasa la tatu, harufu ya jikoni. Mikono nimeikunja mara nne. Wapiga debe wameniuliza mimi ni timu gani.

Saa sita basi halikuja. Saa nane halikuja. Manyunyu yakaanza. Sufu ikilowa inakuwa nzito, nilisikia mawe ya mgomba kana kwamba bado yapo. Muuza karanga akasema mzee nenda nyumbani, wakija watakukuta. Nikamwambia sisubiri, napumzika. Saa tisa nikaanza kuihesabu ile mbalaga. Siku tatu, nikila asubuhi na jioni. Labda nne, maana safari hii nimeongeza nyama.

Saa kumi na moja kasoro, basi dogo la kutoka Mbeya. Wakashuka watu, wakashuka, wakashuka. Wa mwisho yeye. Amekonda kidogo. Ana sweta la kijivu na begi moja.

Alinitazama. Akatazama ubavu wa kulia, akatazama wa kushoto. Akakunjua mkono mmoja wa sweta, ukaanguka mpaka gotini. Akakaa juu ya begi lake hapo hapo stendi, akacheka hadi machozi, na nadhani baadaye yalikuwa machozi tu. Akasema, Baba, umelifanyaje? Nikasema nimefuata maelekezo ya kiwanda.

Amekula mbalaga sahani mbili. Kaisifu yeye mwenyewe kwa sauti. Sikusaidia.

Jumapili, 16 Juni

Tumekwenda ibadani. Nimelivaa, yeye ndiye aliyelazimisha. Lazaro kutoka kwaya ya wanaume alitutazama wimbo mzima, akapotea ubeti wa tatu.

Saa saba begi lilikuwa mlangoni. Sikuliangalia. Nilikuwa nikiongea habari za bei ya parachichi, jambo ambalo silijui. Akauliza ile lebo iko wapi. Nikafungua Ayubu. Nikamsomea alama zote sita kwa utulivu wa mtaalamu. Mlima. Ziwa. Ziwa jingine. Kaa moja. Kichanja. Trafiki.

Lightness aliigeuza lebo mkononi. Kisha akatoka nje na simu. Nikamsikia akimwomba mwenzake ampokee zamu mbili. Akarudi, akalirudisha begi chumbani, akasema hawezi kumwacha mtu katika hali hii. Anaondoka Jumanne.

Nimejizuia kuruka. Nina miaka hamsini na tisa.

Basi mchana wote tumesoma shule. Pembetatu iliyokatwa, usitie dawa ya kung'arisha. Mraba na duara ni mashine ya kukaushia, usitumie. Duara tupu ni ile kazi ya dobi anayefua kwa dawa bila maji, usimpelekee. Mraba na mstari, laza chini ikauke, usitundike. Kaa moja akasema karibu nimepata, ni pasi ya moto mdogo, na nimemwambia aandike kwamba nimepata. Beseni na mkono, fua kwa mkono, maji ya uvuguvugu. Prisca alikuwa mlangoni. Alivaa tu miwani yake akaivua, akaivaa tena.

Nikamwambia Lightness kwamba miaka sita ya hotelini hatukuwahi kuona alama hizo. Akasema, Baba, ilikuwa miezi minane, na ulikuwa unasukuma toroli. Mama alinieleza. Nikasema toroli lenyewe lilikuwa zito.

Tumetoa nguo zote za nyumba kutafuta lebo. Mwisho akatoa sanduku la mama yake. Miaka minne sijalifungua. Juu kabisa lilikuwa sweta la kijani alilolivaa Esnath shambani. Lebo imefutika, nyeupe tupu. Lightness akataka kulifua. Nikamwambia asilifue. Akauliza ni alama gani inayosema hivyo.

Alilinusa, akalikunja, akalirudisha mwenyewe.

Jumanne, 18 Juni

Ameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Ameondoka na lile sweta la viraka. Kasema ni la kwake sasa, atalivaa zamu za usiku, wagonjwa wapone kwa kucheka. Mimi ameniachia lake la kijivu, kubwa, linanitosha kama nilipimwa. Ameniandikia alama zote kwenye karatasi, na michoro, na chini yake kwa herufi kubwa: HILI USILIFUE MPAKA NIJE DESEMBA.

Nimerudi nyumbani. Nimetandika kitanda chake upya. Halafu nimekaa. Kikombe chake kipo mezani, chai imebaki kidogo chini. Sijakiosha. Nimeuambia mgomba kwamba mgeni amesafiri salama.

Desemba. Nimehesabu kwa vidole, nikatumia mkono mmoja na kidole kimoja cha mkono wa pili. Miezi sita. Kidole kile cha sita nimekitazama muda mrefu.

Alhamisi, 20 Juni

Mtu hawezi kukaa na elimu ndani kama mayai viza. Nimeandika kibao kwa mkaa, nimekitundika kwenye mgomba: ALAMA ZA NGUO HUSOMWA HAPA. MTAALAMU ALIYEKAA DAR. Karatasi ya Lightness mfukoni, tayari.

Wateja: mmoja. Prisca. Ameleta kanga, akataka nimsomee maandishi yake. Nikamwambia kanga haina lebo, hayo ni mafumbo, idara nyingine. Lakini tumekunywa chai mpaka jioni, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake kwamba kanga haijasomwa.

Jumamosi, 22 Juni

Makosa mawili, yote madogo.

La kwanza, jana nilifua ile suruali aliyonimalizia Lazaro. Nimeifua vizuri, kwa mkono. Karatasi ilikuwa mfukoni. Imetoka uji. Michoro yote sita imekuwa wingu moja la wino.

La pili, leo asubuhi, nikiuonyesha mgomba jinsi Lazaro alivyopotea ubeti wa tatu, nimejimwagia chai ya maziwa kwenye sweta la kijivu. Kifuani kote. Sisimizi wa dirishani wameshapata taarifa.

Prisca kasema piga simu Tabora, dakika moja, uulize. Nikamwambia simsumbui mtu aliye kazini kwa jambo ninalolijua. Kasema basi loweka kwa maji baridi. Nikamwambia hayo yalishajadiliwa.

Nimesoma lebo kwa miwani yake. Beseni. Mawimbi. Mkono. Nakumbuka vizuri kabisa somo la Jumapili. Mkono ni fua kwa mkono, hilo sibishi tena. Lakini mawimbi, nikifikiria sana, Lightness hakuyataja. Alisema uvuguvugu, ndiyo, ila alisema akiangalia mkono. Mawimbi hatukuyafikia, Prisca aliingia na habari za miwani. Kwa hiyo mawimbi yanabaki na maana yangu ya mwanzo.

Nimepiga hesabu ya kisomi. Sweta likitoka salama, nimethibitisha utaalamu wangu mbele ya Prisca, Lazaro na kata nzima. Likinywea, mtoto itabidi aje kufundisha upya, na somo la namna hiyo halingoji Desemba. Sioni ninapopoteza.

Ndizi nimeziweka kuiva. Nyama nimeagiza. Kitanda kimetandikwa, nimerudi mkekani.

Prisca yuko mlangoni, miwani puani, kikombe mkononi, anasema hatasema kitu. Maji yameanza kupiga mawimbi. Sawasawa kabisa na lebo.